Kioo cha Gari la Gavana

Mpwa wangu Baraka,

Salamu kutoka Alby, huku Uswidi. Mke wangu ni mzima, watoto wananijibu kwa Kiswidi, nami swali lako limeniinua kitini mara tatu tangu nianze barua hii.

Unauliza kama ukubali kazi ya kumwendesha gavana mpya. Umemuuliza bingwa! Gavana wetu wa kwanza nilimwendesha mimi, kwa kasi ya kuacha kivuli cha gari nyuma. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwanzoni, yeyote akipunga mkono barabarani tulisimama, naye akashusha kioo.

Mwaka wa nne, Mama Nekesa wa mkaa alikimbia kando yetu akigonga kioo: "Mwalimu! Kisima kimekauka!"

"Twende," gavana akaniambia, "vumbi litaingia."

Nikakanyaga mafuta. Uchaguzi uliofuata akaanguka, akalaumu wapinzani. Baadaye mimi nikahamia huku.

Sasa naendesha basi hapa Fittja, jirani na Alby. Nikimwona mtu anakimbia nyuma, mguu wenyewe hutafuta breki. Wenzangu hunicheka, "Wafula, umechelewa tena!"

Kazi ikubali, mjomba. Ila siku gavana wako atakapokuambia "Twende" na mtu anagonga kioo, mguu wako usiwe mwepesi kama wangu.

Mjomba wako,
Wafula