Sharti la Mwisho

Mama yangu mpenzi,

Kabla ya yote, shikamoo, na goti linasemaje? Kitinda mimba wako ameniambia kwamba umeanza tena kupanda ngazi kwenda kuanika nguo juu ya paa, ingawa daktari alikukataza, nami nikasema basi mama amepona, maana ukiona anatii ndipo pa kuogopa. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na lile koti ulilonishonea bado linanitosha, ila vifungo vya kati vimeacha kuelewana na tumbo langu.

Najua umeshangaa kupata barua. Nyumba yetu si ya watu wa barua. Sisi tunapigiana simu, na chai ikichemka habari zimeshaisha. Nawe umekuwa ukilalamika, tena kwa haki, kwamba simu zangu siku hizi ni "ndiyo mama, sawa mama," kisha nakata. Halafu kuna lile la kiti. Nilipokuja mara ya mwisho ulinitengea kiti cha marehemu baba, pale kichwani mwa meza, ukasema mbele ya wote kwamba kifungua mimba ndiye anayekaa pale sasa. Nami nikakaa kidogo, kisha nikabeba sahani yangu nikaenda kukaa kile cha dirishani. Uliendelea kumimina chai. Baadaye nikasikia kwamba ulikwenda kulia jikoni.

Hayo yote nitayajibu humu, lakini kwa mpangilio wangu. Tafadhali usiruke kurasa ukaanza kusoma mwisho. Nakujua.

Keti kwanza. Nimeacha kazi kiwandani. Sikufukuzwa, sikugombana na mtu, na bosi aliniaga vizuri hadi akataka kulia, ingawa kwa bosi yule hata vumbi humliza. Nimeacha kwa sababu nataka kuwa mwalimu. Najua kwamba ulijivuna kuwa na binti mhandisi, na kwamba kila fundi wa mabomba aliyekanyaga nyumbani kwetu alielezwa habari zangu kabla hajafungua boksi lake la vifaa. Lakini miaka yangu kwenye kile kiwanda cha misumari imenifunza jambo moja kunihusu. Siku yangu nzuri haikuwa ile ambayo mashine ilikwenda bila kukwama. Ilikuwa ile ambayo mwanagenzi mmojawapo alielewa kwa nini ilikwama. Nilikuwa narudi nyumbani natabasamu peke yangu barabarani kama punguani.

Utasema, kama ambavyo baba angesema, kwamba mwenye shahada si anaingia tu darasani akafundisha? Nami nilidhani hivyo. Nilikwenda chuoni na vyeti vyangu kwapani, nimejaa maringo. Ile kozi ni ya uzamili, ya watu waliokwisha kusomea mambo mengine na sasa wanataka ualimu. Mama wa ofisi ya udahili alivitazama vyeti vyangu, akavisifu, akanirudishia. Aliniambia kwamba vyeti hivyo vinaonyesha kuwa naijua fizikia, na chuo kinafurahi kusikia hivyo. Wao wanachotaka kujua ni kama naweza kumfanya mtu mwingine aijue. Mama, nilitoka pale nimenywea, lakini kusema kweli niliwapenda papo hapo.

Shahada yenye ufaulu mzuri ni mlango tu. Wanataka somo utakalofundisha liwe lile ulilolisoma, si ulilolitamani. Wanataka ukae muhula mzima nyuma ya darasa la mwalimu mzoefu, ukitazama, na mwishoni mwalimu huyo aseme kama unafaa au hufai. Wanataka usimame mbele ya jopo lao ufundishe watoto wa kweli, wasiokujua na wasio na huruma nawe. Halafu kuna sharti la mwisho, limeandikwa mstari mmoja chini kabisa, kama vile halina maana. Hilo nitalieleza wakati wake. Jua tu kwamba ndilo lililoninyima usingizi.

Walinipeleka kwenye shule iliyo nyuma ya karakana ya mabasi. Ukuta wa darasa na ukuta wa karakana umeachana kwa uchochoro mwembamba, kwa hiyo watoto wanasoma huku mtu anagonga bodi la basi na mwingine anajaribu honi. Humo ndimo anamofundisha mwalimu wa hesabu na sayansi ambaye watoto wamempa jina la Mwalimu Rudia, nalo halimuudhi.

Laiti ungemwona. Ni mama mfupi, mnene kidogo, anavaa viatu vya raba na nguo za heshima, na hakai mbele ya darasa hata kidogo. Anapita katikati ya madawati tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Akiuliza swali na mtoto wa nyuma akajibu, yeye hasemi kama jibu ni sahihi au si sahihi. Anamgeukia mtoto aliye karibu naye na kumwambia, "Rudia alichosema mwenzako, kwa maneno yako." Mtoto anarudia. Kisha anamuuliza yule wa kwanza kama hicho ndicho alichokusudia. Mara nyingi anakataa, anafafanua, na hapo mwingine anadakia, na ghafla darasa zima linabishana kuhusu sehemu za desimali kama watu wanaobishania mpira. Mwalimu Rudia anasimama katikati yao, anatazama midomo yao mmoja baada ya mwingine, anatikisa kichwa.

Nimesoma kwa maprofesa, mama, na kati yao wamo wakali wa kweli. Lakini sijawahi kuona darasa ambalo watoto wanasikilizana namna ile. Kwingine mtoto humsikiliza mwalimu tu, mwenzake akijibu yeye anachezea kalamu. Kwa Mwalimu Rudia huwezi, maana hujui ni lini utaambiwa urudie. Hata kelele za karakana zilikuwa kama hazipo. Nilikaa nyuma nikiwa nimeduwaa.

Jambo moja tu lilitukosanisha. Katika chumba cha walimu kuna kiti kimoja cha kona, kimebanwa na kabati la ramani upande wa kushoto. Kiti chenyewe kimechakaa, mguu mmoja umefungwa waya. Ajabu ni kwamba mimi na Mwalimu Rudia tulikuwa tunakiwania hicho hicho kila mapumziko. Nikiwahi mimi, yeye anazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akiwahi yeye, mimi nasimama na kikombe changu mpaka kengele. Walimu wengine walikuwa wanavunjika mbavu.

Siku moja akaniachia darasa. Nilifundisha kwa moyo wangu wote, nikachora, nikauliza, nikasifu, na kengele ilipolia nilijiona nimewaka. Nikamfuata chumba cha walimu kusubiri sifa zangu. Wengine wote walikuwa nje. Alikitazama kile kiti cha kona, akanisukumia mimi, akavuta kingine akakaa mbele yangu, uso kwa uso.

"Umefundisha nusu ya darasa," aliniambia. "Watoto wa upande wa kushoto walinyoosha mikono, wakaita, wakachoka. Hukugeuka hata mara moja."

Nilianza kujitetea. Akanyanyua mkono wake kunizuia, akauliza taratibu, "Ni la kushoto peke yake, au yote mawili?"

Hapo, mama, ndipo tumefika kwenye sharti la mwisho. Linasema kwamba mwombaji alete cheti cha daktari kuonyesha kuwa afya yake inamwezesha kufundisha, yakiwemo macho, sauti na masikio. Na mimi sikio langu la kushoto limekufa. Halisikii kitu. La kulia nalo limeanza uvivu.

Ni kiwanda. Vikinga masikio tulipewa na tulivivaa, lakini fundi hawezi kujua mashine inaumwa wapi huku ameziba masikio. Unavua, unainama, unaliweka sikio kwenye chuma, na kwa kuwa mkono wa kulia umeshika spana, linalowekwa ni la kushoto, siku zote. Mafundi wote wa zamani pale kiwandani hugeuza shingo upande mmoja ukiwaita. Tulikuwa tunataniana kwa hilo. Daktari aliniambia wazi kwamba la kushoto halitarudi, na mimi sikukuambia kwa sababu baba alikuwa ndiyo kwanza ametutoka na sikuona pa kuliweka jambo lingine.

Nilimjibu Mwalimu Rudia kwamba ni la kushoto, na la kulia linafuata. Akacheka, mama, kicheko cha mtu aliyekutana na ndugu ugenini. Akaniambia kwamba yeye ni hivyo hivyo, tangu alipougua akiwa na mimba ya mtoto wake wa pili. Sauti za watoto wa nyuma hazimfikii kabisa. Mwanzoni alidhani kazi imekwisha, kisha akaanza kuwaomba watoto walio karibu wamwambie wale wa nyuma wamesema nini. Aliona aibu wiki za mwanzo. Baadaye akagundua kwamba darasa lake limebadilika kuliko lilivyokuwa alipokuwa na masikio mazima, na hakutaka tena kuacha. Watoto wanajua kila kitu. Hata jina la Rudia walimpa kwa mapenzi.

Nilikaa pale kitini machozi yananitoka, nikamwambia kwamba nafikiri nimtafute daktari mwingine, wa haraka haraka, asiyepima sana. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ukificha, nguvu zako zote zitaishia kwenye kuficha. Za kufundishia utazitoa wapi?"

Basi nikajikaza. Nilikwenda kwa daktari yule yule, nikamwomba aandike ukweli wote, akaandika. Aliongeza kwamba nikivaa kifaa cha kusaidia kusikia kwenye sikio la kulia naweza kufanya kazi. Siku ya jopo nilikwenda na cheti hicho nikihisi nabeba kifo changu mwenyewe. Walikuwa wamekaa nyuma ya darasa, mkuu wa kozi na walimu wawili, na watoto wa shule ya jirani mbele yao wamejipanga, wananitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Kabla sijaanza niliwaambia wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba sikio langu la kushoto halisikii, kwa hiyo wataniona natembea sana, na anayejibu nitaomba mwenzake anirudishie.

Somo langu lilikuwa mlango. Niliwaita wausukume karibu na bawaba, kisha karibu na kitasa, nikawauliza kwa nini huku ni kugumu na kule ni kwepesi. Binti mmoja mwembamba aliusukuma karibu na bawaba kwa mabega na magoti, mlango hautaki, darasa likaangua kicheko. Mtoto wa pembeni kabisa, kushoto, akajibu kitu. Nikamsogelea jirani yake nikamwambia arudie. Akarudia vibaya. Yule wa kwanza akasimama kumsahihisha, wa tatu akampinga, na mimi nikajikuta nimesimama katikati yao natazama midomo. Moyo wangu ulitulia kabisa, mama. Nilijua kwamba hata wakinikataa, hapa ndipo pangu.

Nilipomaliza, mkuu wa kozi alikishika kile cheti, akakisoma pole pole, akakigeuza nyuma na mbele. Nikamwambia nakubali uamuzi wowote. Akanijibu kwamba sharti linamtaka daktari aseme kama ninaweza kufundisha. Daktari amesema, na wao wameona. Kisha akauliza ile mbinu ya kurudia nimeitoa wapi, maana wameipenda. Nikamtaja Mwalimu Rudia kwa kifua mbele.

Nimekubaliwa, mama. Masomo yanaanza mvua zikiisha. Mwalimu Rudia alipopata habari alinipigia makofi mbele ya darasa, na kile kiti cha kona ameniachia mpaka niondoke, ingawa anakitazama kwa uchungu.

Sasa la kiti chetu. Mtu akikaa kwenye kiti cha baba, wewe unakuwa kushoto kwake, penye birika. Nilikaa pale dakika chache siku ile, na ulikuwa unazungumza, naona midomo yako inacheza, na sauti yako haipo. Niliogopa. Kwenye simu ni hivyo hivyo, naambulia nusu, najibu ndiyo nisije nikakuuliza mara tatu ukajua. Kiti cha dirishani kiko ubavuni mwako, na nikikaa hapo wewe uko kulia kwangu. Sikukikataa kiti cha baba, mama yangu. Nilikuwa nakufuata wewe.

Nisalimie majirani wote, na yule fundi wa mabomba umwambie sasa una binti mwalimu wa kumsimulia. Goti lipumzishe. Nakuja kabla masomo hayajaanza. Kiti cha baba mpe kitinda mimba; yeye ana masikio mawili mazima na hasikii la mtu. Mimi nitunzie cha dirishani, na siku hiyo niambie tena kila ulichoniambia siku ile, tangu mwanzo.

Akupendaye daima,
Kifungua mimba wako