Kidole Kilipozama Kwenye Kenchi

Alhamisi. Mbinga kuna ukungu na manyunyu tangu asubuhi.

Leo nilikwenda Matiri, kwenye ghala la ushirika. Tangu wanunuzi binafsi waingie kwenye kahawa limebaki tupu, popo wakahamia. Sasa kwaya ya kigango inafanyia mazoezi humo na imechoshwa na mavi yao. Jumamosi wanaume watapanda kwenye kenchi, zile mbao zinazoshikilia paa, kuwafukuza kwa moshi wa pilipili. Atakayetangulia ni Otmari, kaka wa mke wangu.

Nilikwenda tena kuwatetea popo mbele ya kikao chao. Ni wa aina iliyobaki kidogo mno duniani. Nikapanda ngazi niwaone, nikashika kenchi.

Kidole kikazama.

Ndani kuvu nyeupe imetandaa, mbao imekuwa kama mkate uliolowa. Popo ananuka, anapiga kelele, lakini hajala hata kibanzi cha mbao. Kuvu haina sauti, haina adui kikaoni, nayo ndiyo inayolila ghala. Popo akifukuzwa hapa hana pa kwenda. Kuvu inapeperusha vumbi lake na kuanza upya popote penye unyevu. Hata ushirika wenyewe ulioza hivyo hivyo, sisi tukigombana na mlinzi wa getini.

Niliteremka na kipande cha mbao hiyo mkononi, nikawaambia wasipande.

"Shemeji," Otmari akacheka, "juzi popo walikuwa watakatifu, leo mbao zimeoza. Kesho utatuambia Jumamosi ni sikukuu yao!"

"Shika mwenyewe uone."

"Hicho umeokota kwenye kuni za jikoni kwa paroko."

Ghala zima likaangua kicheko.

Hawaniamini. Nimebishana na paroko, na diwani, na bwana shamba, kwa kila jambo. Wanadhani hii nayo ni hoja tu.

Mke wangu yuko jikoni anaimba. Sijamwambia. Kila nikifumba macho namwona kaka yake akienda chini na ile mbao.

Imebaki njia moja. Kesho nirudi niwaambie wameshinda: popo ni balaa, wafukuzwe, ila moto uwashwe sakafuni na asipande mtu. Wakishashinda, huenda watanisikiliza kwa hilo dogo. Nitakuwa nimewatoa popo kwa ajili ya shingo ya Otmari.

Watanizomea. Je, nitaweza kusimama pale nikae kimya?