Udongo Laini Ulioupenda

Dada yangu Kabula,

Mama bado yuko kwangu. Tangu alipokuja kutoka Tinde kukuzika hajataka kurudi, na hajataka kuitikia shikamoo ya mume wako. Baba Milembe hupanda huku kila asubuhi kumwona mtoto wenu, ambaye sasa analala kwangu. Anainama, anasema, "Shikamoo mama," na mama anageukia mchicha anaochambua. Mchicha wenyewe ni wa bustani yako. Unaota kama vile hakuna lililotokea. Nauchukia, na bado nauchuma.

Unaikumbuka siku mliyokuja kuchagua kiwanja? Mume wangu alitaka mjenge jirani yetu, hapa juu kwenye mawe. Ulichukua jembe ukapiga mara moja, likarudi na cheche, ukacheka mpaka ukakaa chini.

"Minza, hapa hata choo hakichimbiki! Mtakuwa mnaomba kwa majirani."

Ulikuwa na haki ya kucheka. Choo chetu kilitumalizia kiangazi kizima kwa sululu na nyundo. Wewe ukateremka bondeni, kwenye ule udongo mweusi unaoshika maji, na jembe likazama lote. Nyanya, bamia, mchicha, vyote vilikubali. Sokoni Buseresere wanawake walikuwa wakiulizia mboga za Mama Milembe kabla hujatua tenga.

Nyumba zote mbili alizijenga Baba Milembe kwa mikono yake. Tanuru moja, matofali yale yale. Kila ninapomwambia mama hivyo, ananijibu kwamba kwangu alitafuta sifa na kwako akafanya bora liende.

Na vile vikombe, dada! Kila alasiri, machimboni walipolipua baruti, kwangu tulisikia mlio tu. Kwako vikombe viligongana kabatini. Ukasema, "Kwangu hata mgodi unabisha hodi." Tukacheka sote. Hatukujua tunacheka nini.

Siku ile nilikuwa naanua nguo. Nikasikia ngurumo, ardhi ikanisukuma nyayo kidogo, bakuli likalia mezani, basi. Nikasema moyoni, leo wamewahi kulipua, nikaendelea na nguo zangu. Kisha nikaona vumbi likipanda bondeni, pale ambapo huwa unapanda moshi wa jiko lako. Majirani zako wanasema kule chini ardhi iliyumba na kuyumba, haikutaka kuisha. Mwanzoni wao nao walibaki ndani wakingoja ipite, maana walidhani ni baruti. Nadhani nawe ulingoja. Milembe alikuwa nje akimwagilia nyanya. Anasema ulimwita, halafu anasema labda hukumwita.

Vijana walikuchimbia kaburi kando ya bustani. Kazi ilikwisha kabla chai haijachemka. Nilikaa pale nikitamani jembe ligome.

Baadaye alikuja binti mmoja wa serikali, mtaalamu wa miamba, akapita nyumba kwa nyumba kutazama nyufa. Huku juu hakuona la maana. Kila alivyoshuka, nyufa ziliongezeka. Aliporudi tulimkaribisha chakula uani kwangu, mama akiwa mkekani, naye akatueleza. Mtikisiko wa tetemeko la ardhi ukipita kwenye mwamba huenda haraka na hubaki mdogo. Ukiingia kwenye udongo laini ulioshiba maji, mwendo wake hupungua lakini wenyewe hukua, na huchelewa kuisha. Akalitikisa sinia. Ugali ulitulia, mchuzi ukaruka ukingo wa bakuli.

"Nyumba ile ile ingejengwa huku," alisema, "huenda ingesimama."

"Maneno ya shule hayo," mama akasema, akanyanyuka.

Jioni nikamkumbusha vikombe. Hata yeye alivijua. Alipokuja kukuuguza ulipojifungua Milembe, mlio wake ulimchosha mpaka akavishusha sakafuni juu ya kanga. Akaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, pale alipachagua Kabula mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

Ndipo mama alipolia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilitaka kumtetea mume wako, dada, kumbe nilimnyang'anya mama mtu wa kumlaumu. Sasa hana pa kuiweka hasira yake. Ataiweka wapi? Kwenye kicheko chako? Kwenye bamia?

Asubuhi yake Baba Milembe alipanda na sululu begani. Mume wangu amempa eneo la kujenga nyuma ya jiwe kubwa, naye akaanza na choo. Mpaka jua la utosi shimo lilikuwa halijamfika gotini, na viganja vyake vilikuwa vinatoka damu. Mama alimwangalia kwa mbali, akaingia ndani, akatoka na kata ya maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," akasema. "Kunywa."

Milembe alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa shimo. "Mama angetucheka," akasema. Baba yake alirudisha kata akaendelea kupiga mwamba, na mimi nikaingia jikoni, maana sikutaka mtoto anione.

Nimeizoea njia ya kwako. Huwa nashuka alasiri, nang'oa magugu, nakusimulia kama hivi. Jana baruti zilipolia nilikuwa nimeweka kiganja juu ya kaburi lako. Udongo ulitetemeka chini yake, kama ubavu wa mbuzi anayefukuza nzi. Nikaukandamiza kwa mikono yote miwili mpaka ukatulia.

Lala, dada. Milembe analala juu ya mwamba.

Mdogo wako,
Minza