Sufuria ya Kitako Kilichovimba

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika. Swali langu utaliona la kijinga, nataka kujua ni sufuria gani inafaa kwa jiko la umeme, lakini ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini siwezi kungoja.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, mume wangu ni mpaka rangi wa majumba, na tangu tuhamie hapa ghorofa ya tatu tunapikia jiko la umeme, lile la kioo cheusi lenye maduara mawili, kwa sababu mwenye nyumba hataki kusikia habari za mkaa wala gesi. Mimi nimezoea moto unaouona kwa macho. Hili halina mwali, halina moshi, ukilizima linabaki jeusi vilevile kama halijawahi kuwaka, na siku ya pili tu nililigusa nikaungua vidole viwili, tangu hapo naliogopa kama nyoka aliyejikunja.

Mama mkwe wangu anaishi nasi. Alipika shule ya bweni miaka ishirini na sita, anavijua vyombo kuliko mimi ninavyoujua uzi. Alipoona nimepanga sufuria zangu za zamani, zile nyepesi, aliichukua ile kubwa, akaiweka juu ya kioo, akaisukuma kwa kidole, ikazunguka kama pia. "Mwanangu," akaniambia, "hii haijakaa. Kitako kimevimba. Kwenye mkaa ilikuwa inajishikilia, hapa itakuangusha." Mimi nikaona ananifundisha kazi nyumbani kwangu, nikamjibu, "Mama, maji si yanachemka? Basi inatosha."

Wiki iliyopita, alasiri, niliijaza sufuria hiyohiyo maji na maharage mpaka karibu na mdomo, nikawasha moto wa juu kabisa, nikaenda chumbani kumalizia pindo la gauni la mteja aliyekuwa anakuja saa kumi, na cherehani ikilia husikii kitu, kumbe huku nyuma maji yamechemka na sufuria inatetemeka na kusogea kidogokidogo mpaka ukingoni mwa kioo. Mama aliisikia. Akaenda kuirudisha, akaishika kwa kitambaa, ikayumba, na maji yote yakammwagikia mguu wa kushoto. Ukelele ule, mshauri, sijawahi kuusikia kwa mtu mzima.

Mume wangu alinikuta naumwagia ule mguu maji ya bomba. Akauliza, "Nani kaweka sufuria hii hapa?" Nami nikasema, "Mama alikuwa jikoni." Basi. Huo si uongo, sivyo? Ndivyo ninavyojiambia. Mama alinitazama, akauma mdomo, na mpaka leo hajanitaja kwa mwanawe.

Sasa mume wangu ameamua kwamba mama amezeeka, haaminiki tena na jiko. Akienda kazini anafunga mlango wa jikoni na kuondoka na ufunguo, hata mimi nikitaka kuingia nimngoje arudi. Anamsemesha kama mtoto: "Kaa hapo, mama, usiguse kitu." Jumapili anampeleka kwa mwanawe mwingine akakae hukohuko, na mama hataki, nimemsikia akimwambia jirani kwamba kule wote wanashinda kazini, atabaki kuongea na kuta. Anakunja nguo zake kimyakimya, na nikipita ananiambia tu, "Sindano yako imedondoka, usije ukaikanyaga."

Nimeshanunua sufuria nyingine, pana kuliko duara la jiko, nayo inacheza vilevile. Siwezi kuwasha jiko, tunakula mkate. Naliogopa jiko, namwogopa mume wangu akijua, na kinachonitisha kuliko vyote ni huo ukimya wa mama. Nichague sufuria gani ili jambo hili lisitokee tena?

Fundi wa ghorofa ya tatu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, baada ya kusoma barua yako nilipiga simu kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, maana Jumapili yako haikuwa ya kungoja gazeti. Umeniruhusu niandike yaliyofuata, basi nayaandika.

Pole. Hukumwagia mtu maji kwa kusudi, na kumwagia mguu maji baridi papo hapo ulifanya vema. Lakini lile neno, "Mama alikuwa jikoni," usiniulize kama ni uongo. Ulilipima, ukalikata, ukamvisha mama mkwe wako, na likamtosha. Nilikuambia umwambie mumeo ukweli siku ileile, kabla hajavua viatu. Ukaniuliza, "Akinifukuza je?" Nikakuuliza, "Kwani sasa hivi anayefukuzwa ni nani?" Ukakata simu.

Jumamosi ukanipigia. Ulikuwa umemwambia, mlangoni, mama akiwa amekaa pale pale. Mumeo akamgeukia mama yake, akamwuliza, "Kwa nini hukusema?" Naye akamjibu, "Ungeniamini? Ulishanifungia mlango." Mumeo alisimama na ufunguo mkononi, asijue aupeleke wapi.

Mama haendi popote, mumeo ameghairi. Hilo limekwisha. Mumeo hajakupa zaidi ya salamu tangu siku ile, nawe unaogopa. Ogopa, ni haki yako, ila usimfuatefuate kumwomba akuchangamkie. Mwache akasirike. Yeye pia ana la kujibu mbele ya mama yake.

Sasa sufuria. Chukua rula yako ya kupimia, ilaze kwenye kitako cha kila sufuria uliyonayo. Ukiona mwanga unapita chini ya rula, au rula inacheza, sufuria hiyo haifai kwa kioo, itafutie kazi nyingine. Tafuta yenye kitako bapa, kinene, kizito, ambayo hata ikiwa tupu inatulia. Upana wake uwe sawa na duara la jiko: hiyo mpya yako imezidi duara, na sufuria ikiwa ndogo mno itaacha kioo cha moto wazi kikingoja mkono wa mtu. Futa kitako kikauke kabla ya kuiweka. Iinue, usiiburute. Usiijaze zaidi ya theluthi mbili. Ikichemka, punguza moto, na usiondoke jikoni. Ukishazima, kihesabu kioo kuwa bado kinawaka mpaka kipoe kabisa. Kidonda cha mama kikaangaliwe zahanati leo, si kesho, na mguu ukipona nendeni dukani pamoja, achague yeye.

Siwezi kukuahidi kwamba woga utaisha. Pika huku unatetemeka. Chakula cha kwanza kikiungua, kuleni.

Limebaki moja, na hapa nakufokea. Nilipokuuliza kama umemwomba mama msamaha, ulisema, "Anajua tu." Hajui. Ulikiri kwa mumeo, mama akasikia pembeni kama mgeni. Utakapokuwa unambadilishia bandeji, mwangalie usoni, sema, "Mama, mimi ndiye niliyeweka sufuria, mimi ndiye niliyekusingizia, nisamehe." Halafu nyamaza, uache aseme anachotaka, hata kikichoma.

Weka gazeti chini. Nenda sasa hivi.