Mtama kwa Mwenye Bucha

Jumatatu, 4 Agosti

Sahani zimerudi zimejaa. Zote! Wodi ya wanaume hawakufunua hata mifuniko. Mpishi mkuu akaisukuma toroli mpaka mlangoni kwangu, akaiacha hapo. Haya mtaalamu wa lishe, karibu ule. Hakuwa anatania.

Na mimi nilidhani nimeweza. Mtama badala ya wali, kunde badala ya nyama. Afya, na maji kidogo shambani. Maana bwawa la hospitali ni hilohilo moja: linanywesha wodi, linanywesha mpunga wetu, linanywesha ng'ombe wetu. Sasa tope lake limepasuka kama kisigino. Daktari Mkuu kasema tupunguze mpunga na ng'ombe, wagonjwa wale vingine, la sivyo anafunga wodi ya wazazi. Kanipa mpaka Jumanne ya wiki ijayo.

Mgonjwa mmoja kaniita pembeni. Eti binti yangu, nimekukosea nini?

Jumanne, 5 Agosti

Nyumbani nako yaleyale. Baba kauza nyama maisha yake yote, mtaa mzima bado wanamwita Mnofu. Sasa ana sukari, ana presha, anakaa kwangu, anakula kwangu. Yaani — hali chochote. Nimempa chakula kilekile cha wodini. Kakisukuma kwa kidole kimoja. Eti niwape kuku wangu.

Sina kuku! Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo mtama tumeupika mkavu, wa kuchambuka, na vitunguu vya kukaanga. Sahani zimerudi na upungufu kidogo. Kidogo tu. Daktari Mkuu kaonja kijiko kimoja, kasifu weee. Mchana nikamwona kupitia dirisha la ofisi yake: anakula wali na nyama alivyofungiwa na mkewe. Ningemsema, lakini kwa uso upi? Jana kwa wifi yangu nilikula wali sahani mbili, nikajisikia nimependwa. Hilo la kupendwa nitaliweka safu gani kwenye jedwali langu la lishe?

Shoga yangu mkunga kaniambia leo wamemwogesha mtoto mchanga kwa kikombe cha maji. Kikombe!

Jumamosi, 9 Agosti

Baba kaanguka.

Alimeza vidonge vyake vya sukari, tumboni hamna kitu. Nilimkuta sakafuni, jasho chapachapa, ananiita kwa jina la marehemu mama. Nikampaka asali kwenye ufizi kwa kidole. 

Kalazwa wodi ya wanaume. Chakula atakachopewa huko ni changu. Mungu wangu.

Jumapili, 10 Agosti

Anaongea sasa. Nikamuuliza, kwa nini baba, hata tonge moja? Akavuta shuka mpaka kifuani. Halafu akasema:

"Mwaka wa njaa tulipewa mtama wa msaada. Mama alitupikia uji, mtupu. Mdogo wangu kafa nao mdomoni. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

Sikujua kama aliwahi kuwa na mdogo wake. Umri wote huu!

Mzee wa kitanda cha jirani alikuwa kageukia ukutani. Akasema taratibu, "Hata kwetu." Basi.

Nimetoka nje nikalia nyuma ya jiko. Wiki nzima nawaletea watu msiba kwenye sahani, nauita lishe.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeivunja menyu yote. Wali nusu, mtama nusu, vichanganywe. Kunde zibaki. Nyama isiondoke! Iwe kidogo, ikatwe vipande vidogo, ikaangwe kwanza, harufu yake itangulie wodini. Mpishi mkuu kasema hapo sasa umeongea.

Daktari Mkuu hakufurahi. Nusunusu haitatuvusha, kasema. Nikamjibu sahani nzima ikimwagwa, na maji yake yote yamemwagwa. Sauti ilinipanda, nikaona aibu. Akalitazama bwawa kupitia dirisha.

"Kesho nitakuja wodini mwenyewe. Sahani zikirudi tena, nafunga wodi ya wazazi."

Mpunga ukipungua nusu, maji ya bwawa yatafika mpaka mvua? Sijui. Kweli sijui.

Jumanne, 12 Agosti

Mchana. Naandika hapahapa wodini, nikiacha mikono itulie nitapiga kelele.

Toroli imeingia. Harufu imeingia kabla yake! Kijana aliyefungwa plasta mguuni keshamaliza, anauliza kama kuna nyingine. Wengine wanakula, wengine wanachokoachokoa. Mzee wa kitanda cha jirani kala kunde na nyama, kaishia hapo.

Baba bado. Kaiweka sahani mapajani, anaitazama tu. Daktari Mkuu kasimama mlangoni, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani.

Baba kamwona. Kavuta miguu yake, kaacha nafasi kitandani.

"Daktari, watu hawali huku wanasimamiwa. Kaa. Tule wote."

Daktari kanitazama mimi. Nikatazama sakafu. Kaja. Kakaa! Mpishi mkuu kampa kijiko. Sahani moja, kati yao, na hakuna anayeanza. Baba anamsubiri mgeni. Mgeni anamsubiri mwenyeji.

Shoga yangu mkunga katokea mlangoni, ndoo ya wodi ya wazazi mkononi, tupu. Anatafuta macho ya Daktari. Nimemwashiria asubiri — subiri kidogo tu, dada, nakuomba —