Muchangi wa Drafti, Siku Ile Ulikuwa Kazini

Jirani yetu Njura anasema ulikufa ukicheza. Amesema hivyo kwa kinyozi, akasema kisimani, na juzi alisema mpaka kwa mlango wa kanisa. Ati ulikuwa sokoni Mikinduri, umemfunga muuza miraa drafti kwa kingi tatu, ukacheka sana, ukaanguka na kete mkononi. "Alienda vizuri," anasema. "Mtu wa mchezo, mchezo umemchukua." Hasemi kwa ubaya. Lakini siku hiyo Njura alikuwa hapa Karurumo anapalilia maharagwe yake, tulimwona.

Baba, mwaka umezunguka tangu tarehe 14 Novemba 1996. Leo tunakuandikia wewe, na wanaosoma wasikie vile ilikuwa.

Tunakumbuka koti lako la kijani lenye jina la kiwanda mgongoni. Ulilipiga pasi hata kama ni la kwenda kukaa kwa vumbi. Kiwanda cha Bwana Gitari pale Embu mjini kilitengeneza mbao za drafti na ludo, na wewe ndiye ulizipeleka kwa watu. Siku ya soko ulipanga meza, ukafundisha asiyejua, ukaamua mashindano, na jioni watu wakanunua. Manyatta walikuita mwalimu. Mikinduri ulienda mara moja kwa mwezi na pikapu ya kiwanda, ukalala huko.

Aliyefungwa ulimnunulia chai yeye kwanza. Ulisema aliyeshinda ameshiba tayari.

Mama ulimfundisha kwa vifuniko vya soda, hapa nyumbani, kwa ubao uliochorwa na makaa. Siku alipokufunga ulienda kutangaza soko zima kama wewe ndiye umeshinda.

Hukuwa na upendeleo. Siku moja Manyatta Bwana Gitari mwenyewe alikaa kucheza na mteja. Akasahau kula kete ya mwenzake, na sheria ya meza yako ilikuwa, ukisahau kula, kete yako inatoka. Ukainua kete yake ukaweka kando.

"Wewe Muchangi," akasema, "unajua ni nani anakulipa?"

"Juzi uliniambia hunilipi, mzee. Uliniambia najitolea."

Watu walicheka mpaka mwenye hoteli akatoka kuuliza ni nini. Bwana Gitari pia alicheka, kidogo. Kete haikurudi.

Mimi Purity nilikuwa nakaa nyuma ya meza nikiangalia, na niliona mengi. Ukichelewa dakika kumi ulikuwa mfanyakazi, uliitwa ofisini. Mbao zikinyeshewa ulikuwa kontrakta, hasara ni yako. Na kila mwisho wa mwezi, mfuko wa sukari na asante, ulikuwa rafiki wa kiwanda. Miaka saba, Baba, na kila siku walikuchagulia jina.

Ulipopatwa na malaria ulinituma mimi nikapange meza. Sheria zote nilizijua. Bwana Gitari alinirudisha. "Nilisema Muchangi," akasema. "Sikusema mtu wa kwa Muchangi." Basi ukaenda na homa yako.

Na ile siku ya kumpeleka Lorna sekondari, wa kwanza kwetu kufika huko, ilibidi uandike barua ya kuomba ruhusa. Jibu tunalo mpaka leo, liko kwa boksi la ludo pamoja na kete: "Ruhusa siku mbili. Jumatatu uripoti saa mbili kamili." Kuna sahihi na muhuri. Mtu wa kujitolea anaombea wapi ruhusa?

Sasa ya Mikinduri. Mutugi, yule muuza miraa anayesemwa, alikuja mwenyewe hapa nyumbani mwezi wa pili, akakaa na Mama jikoni. Alisema hivi:

"Mama, mzee hakucheza siku hiyo hata mara moja. Hakupata nafasi, watu walikuwa wengi. Wingu likaja, akaanza kubeba mbao kuziingiza kwa veranda. Nikamwambia, mzee, wachana nazo, ni mbao tu. Akaniambia, 'Zikikauka ni za Gitari, zikilowa ni zangu.' Akabeba ya kwanza. Akabeba ya pili. Na ya tatu alianguka. Tulipomgeuza ilikuwa chini yake, kavu."

Hivyo ndivyo ilikuwa. Hukuwa na kete mkononi.

Lakini siku ya mazishi Bwana Gitari alileta shada kubwa, akasimama mbele ya watu akasema, "Muchangi hakuwa mfanyakazi wetu. Alikuwa rafiki, alijitolea kwa sababu ya kupenda mchezo." Watu wakapiga makofi. Sisi hatukupiga. Mama yako, Cucu Karambu, aliinamisha kichwa, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwa kaburi lako. Anasema, "Nililea mtu mzima, akaacha watoto, akaenda kufa akicheza vifuniko?" Tulimwambia maneno ya Mutugi. Akasema Mutugi hakumwandika mtu kazi. Mwenye kazi aseme, ndiyo ataamini.

Tumemwandikia Bwana Gitari barua tatu. Ya tatu niliipeleka mwenyewe, nikakaa kwa benchi la kiwanda kutoka asubuhi mpaka wakafunga. Hakutoka. Lakini nilimwona mtu mzima amevaa koti la kijani, na mfuko wake umeshonwa kwa uzi mweusi, ile kazi ya Mama. Lilikuwa koti lako. Nilimuuliza ameandikwa lini. Akasema, "Bado, dada. Najitolea kwanza."

Nilimwambia kama akipewa ruhusa yoyote, aiweke hiyo karatasi.

Baba, sisi hatuna shaka. Uliamka ukaenda kazini, na kazini ndipo ulibaki. Kijana wako Munyi sasa anaweza kuamua mchezo bila kupendelea. Jumapili tunaleta maua, na karibu na Mama tutaacha nafasi ya Cucu kusimama.

Unakumbukwa na mke wako Jedidah. Watoto wako Purity, Lorna na Munyi. Ndugu yako Mugendi na watu wa kwake wote. Mutugi wa Mikinduri. Na wacheza drafti wa Manyatta, ambao bado wanasema "sheria ya Muchangi" kete ikitoka. Hatujakusahau siku moja, na hatutaanza.

Na wewe Bwana Gitari, kama gazeti hili limekufikia: hatukuombi kitu kingine. Tunaomba mstari mmoja tu, na sahihi yako kama ile ya ruhusa. Andika, "Siku ile Muchangi alikuwa kazini." Cucu hajui kusoma, tutamsomea. Boma letu ni la pili ukipita posho mill ya Karurumo, na Jumapili hatutatoka kwenda kaburini mpaka saa sita.