Siku Babu Yako Alipojibu "Sijambo"

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Sisi huku Msambweni tu wazima, na mbuzi wa shangazi yako amezaa pacha.

Unasema daktari ameandika kwamba mgongo wako umepona, ilhali bado unakuuma, na unaniuliza kama uyaache hayo mafao ya ulemavu. Usiyaache.

Miaka ya hamsini, mashine ya kiwanda cha sukari ilimponda babu yako mkono wa kulia. Ili alipwe fidia, ilitakiwa barua ya daktari. Akavaa kanzu yake ya Idi, akauficha mkono ndani kwa haya. Foleni ilikuwa ndefu. Daktari akamuuliza, "Hujambo, bwana? Waonaje hali?"

Babu yako kwa adabu zake akajibu, "Sijambo, alhamdulillahi."

Daktari akaandika kwamba ni mzima.

Niliposomewa barua ile nilimrudisha asubuhi yake, anataka hataki.

"Daktari," nikasema, "huyu hata akikata roho atakwambia hajambo. Usimuulize hali. Mwambie afungue kikoi chake, akifunge tena."

Babu yako alinikata jicho. Ni mimi niliyekuwa nikimfungia kila alfajiri, na hakuna mtu aliyejua. Alivua kanzu, akahangaika na kile kikoi kwa mkono mmoja mpaka jasho likamtoka. Daktari aliichana barua ya kwanza, akaanza kuandika upya.

Siku mbili babu yako alikataa nimfungie kikoi. Fidia aliipata.

Basi rudi, mwanangu. Alhamdulillahi kamwambie Mungu msikitini. Kwa daktari, vua shati umwonyeshe panapouma.

Bibi yako,
Mwanasha